Masters ya bioinfomatiki: jipime na jenomu ya TB kabla hujatuma maombi

#1 Fundi_Jenomu (mtoa mada)

Wakuu, salaam. Kila dirisha la maombi likifunguliwa swali linarudi lile lile: "nisome wapi bioinfomatiki?" Majibu yanayomiminika ni majina ya vyuo. Sawa, majina yana kazi yake. Lakini wanaokwama kwenye shahada hii kwa kawaida hawakwami darasani. Wanakwama mwaka wa pili, kwenye tasnifu, kwa sababu data haijafika, kibali hakijatoka, au seva waliyoahidiwa ina foleni ya wiki mbili.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza chuo, muulize msimamizi mtarajiwa mambo matatu. Data ya tasnifu ipo tayari kwenye diski, au "itakuja"? Kibali cha maadili kinataja matumizi ya data hiyo na wanafunzi? Nitafanyia kazi wapi, na nitapewa nafasi ya terabaiti ngapi? Akijibu "tutaona", jua tasnifu yako ya mwaka mmoja itakuwa ya miwili.

La pili, jipime. Bioinfomatiki ni baiolojia, takwimu na kukaa mbele ya skrini nyeusi ukiandika amri, na hilo la tatu ndilo linalowashinda wengi waliotoka maabara. Zoezi hili linaingia kwenye wikiendi moja na halihitaji seva: bakteria wa kifua kikuu. Jenomu (DNA yake yote) rejea, yaani ya kulinganishia, inaitwa H37Rv na ina herufi 4,411,532 tu. Ya binadamu ina kama bilioni 3.1, usianze nayo.

Ingia kwenye ENA, hifadhi ya wazi ya sikwensi za DNA, tafuta sampuli ya *Mycobacterium tuberculosis* iliyosomwa vipande vipande kwa mashine ya Illumina, yenye faili mbili, _1 na _2. Ukiweza chagua ambayo makala yake inasema ni sugu kwa rifampicin, dawa kuu ya TB, ili ujue unachokitafuta. Shusha kwa `wget -c`, hiyo `-c` inaendelea pale bando lilipokatikia, kisha linganisha `md5sum` na namba iliyo kwenye ukurasa. Rejea ni NC_000962.3, ishushe NCBI na uiite H37Rv.fa. Halafu amri hizi, zinazoweka programu, kusafisha vipande, kuvipachika kwenye rejea na kuorodhesha mabadiliko:

`conda create -n tb -c conda-forge -c bioconda fastqc fastp bwa samtools bcftools snpeff`
`conda activate tb`
`fastp -i s_1.fastq.gz -I s_2.fastq.gz -o c1.fq.gz -O c2.fq.gz`
`bwa index H37Rv.fa`
`bwa mem -t 4 H37Rv.fa c1.fq.gz c2.fq.gz | samtools sort -o s.bam`
`samtools index s.bam`
`samtools flagstat s.bam`
`bcftools mpileup -f H37Rv.fa s.bam | bcftools call --ploidy 1 -mv -Oz -o s.vcf.gz`
`bcftools index s.vcf.gz`
`bcftools view -r NC_000962.3:761155 s.vcf.gz`

Mstari wa mwisho unaangalia herufi moja tu. Kama kwenye nafasi 761155 C imegeuka T, hilo ni badiliko S450L la jeni rpoB, ndilo linaloonekana mara nyingi zaidi kwa TB sugu kwa rifampicin. Makala za zamani huliita 531 kwa sababu zilitumia hesabu ya *E. coli*. Ni jambo lile lile, usije ukaandika kwenye tasnifu kwamba umegundua mabadiliko mawili.

Mkimaliza, bandikeni hapa mlichopata. Ukiona umekaa saa sita unapambana na kosa moja na bado una hamu ya kujua limetoka wapi, tuma maombi.

#2 Neema_wa_Maabara

Asante mtoa mada. Nina BSc ya sayansi ya maabara, laptopu yangu ni RAM ya 4 GB, Windows. Nianze au ninunue nyingine kwanza?

#3 Fundi_Jenomu

Dada Neema, usinunue kwanza. Kwa TB, bwa haili kumbukumbu nyingi kwa sababu rejea ni ndogo. Kinachokula RAM yako ni Windows yenyewe, na WSL2 (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows) ukiiweka inajitengea hadi nusu ya kilichopo, maana yake unabaki na gigabaiti 2. Weka Xubuntu, Linux nyepesi, kwenye sehemu ya pembeni ya diski, funga kivinjari, kazi itaenda. snpEff, programu ya kutafsiri kila badiliko, ndiyo itakayolalamika, ipunguzie kwa `-Xmx2g`.

Ukibaki na WSL2, faili zako zikae ndani ya `/home`, zisikae `/mnt/c`. Kusoma na kuandika kupitia `/mnt/c` kunaburuta mguu kiasi kwamba utadhani programu imekufa.

Na kama script umeiandika Notepad ikakataa kufanya kazi ikitaja `\r`, ni alama za mwisho wa mstari za Windows. `dos2unix script.sh` inamaliza.

Kwa Masters yenyewe, lenga RAM ya 16 GB na diski ya SSD. Zaidi ya hapo ni kazi ya seva, laptopu inabaki kuwa dirisha la kuingilia.

#4 MzeeWaSeva

Niongezee hapo kwenye seva, maana ndiko wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanakogombana na wasimamizi wa mitambo.

Ukiingia kwenye klasta, yaani kundi la seva zilizounganishwa, unatua kwenye mashine ya mapokezi. Pale ni pa kuhariri faili na kutuma kazi, basi. Ukiendesha `bwa mem -t 32` pale, umewakwamisha watu wote na akaunti yako itafungwa. Kazi inatumwa kwa SLURM, programu inayopanga foleni:

`#SBATCH --cpus-per-task=8`
`#SBATCH --mem=16G`
`#SBATCH --time=12:00:00`

Kisha `-t` ya programu iwe 8 hiyo hiyo. Watu wanaomba 8 wanaandika 32, nyuzi 32 zinagombania viini 8, kazi inakwenda polepole kuliko ungeandika 8. Ikiuawa na msimbo wa 137, mara nyingi ni kumbukumbu imeisha. Angalia `sacct` imekula kiasi gani kabla ya kuongeza, usiruke tu kwenda 200G, foleni itakuzeesha.

Uwe na picha ya ukubwa. Jenomu moja ya binadamu iliyosomwa kwa kina cha mara 30 (kila herufi imesomwa kama mara 30) inakuletea FASTQ (faili za vipande ghafi) zilizobanwa za makumi ya gigabaiti, na BAM yake (vipande vilivyopachikwa) inakaribia hapo. Sampuli 50 za hivyo ukisahau kufuta faili za katikati, umeijaza diski ya idara. Ukipachika vipande vya RNA, STAR kwa jenomu ya binadamu inataka RAM ya kama 30 GB kwa faharasa peke yake. HISAT2 inatosheka na kama 8. Salmon inashuka zaidi, na kwa mwanafunzi mwenye swali la kawaida la RNA inamtosha kabisa.

Foldare ya scratch, ya kazi za muda, haina nakala ya akiba, na sehemu nyingi inafutwa kwa ratiba. Kila mwaka kuna mtu analia. Data ghafi iwe na nakala sehemu mbili na uifungie kuandikwa, `chmod a-w`. Script ziende Git, inayotunza matoleo, siku hiyo hiyo.

Umeme na intaneti yetu mnaijua. Kazi ndefu iendeshe ndani ya `tmux`, isiyokufa mtandao wako ukikatika, na mtiririko mzima uandike kwa Nextflow au Snakemake. Ukikatika, Nextflow kwa `-resume`, au Snakemake ukiiendesha tena, inaanzia ulipoishia. Anayeandika script ya Bash ya mistari 400 bila hilo anaanza upya kila TANESCO wakipumua.

#5 Binti_wa_Kilifi

Naomba nigusie vyuo na vibali, kwa Afrika Mashariki.

Pwani University pale Kilifi wana MSc ya bioinfomatiki, Makerere wanayo, na Nairobi wanayo kupitia kituo chao cha bioteknolojia na bioinfomatiki. Uzito wa Kilifi ni ujirani: KEMRI-Wellcome Trust, kituo cha utafiti wa afya, iko mji huo huo, na icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu ya Nairobi, imekuwa ikishirikiana na Pwani kwenye mafunzo haya. Kampala kuna kituo cha umahiri cha bioinfomatiki kilichozinduliwa 2019 kwenye Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Makerere, chenye mitambo ya hesabu nzito. Ukiwa na swali la malaria, TB, VVU au mbu, hapa nyumbani una data na watu. Ukitaka saratani au miundo ya protini kwa undani, hapo ndipo nchi ya nje inaanza kuleta maana.

Kabla ya Masters kuna kozi ya utangulizi ya H3ABioNet, ule mtandao wa bioinfomatiki wa Afrika ulioanza 2012 ukiongozwa kutoka Cape Town. Kozi hiyo, iitwayo IBT, ilianza 2016 na imekuwa ikiendeshwa kwa madarasa yaliyosambaa nchi mbalimbali kwa wakati mmoja, kwa miezi kama mitatu. Vifaa vyake vya kufundishia vimewekwa wazi mtandaoni. Vipitie hata kama hujapata nafasi darasani.

Ufadhili: DAAD ya Ujerumani, ile ya kusoma ndani ya kanda, mara nyingi inataka shahada yako ya mwisho isizidi miaka 6 tangu uipate, kwa hiyo aliyemaliza zamani asisubiri tena. Chevening ya Uingereza inataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi. Mtanzania akisoma nje, cheti chake kitapitia TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kutambuliwa, hivyo hakikisha chuo kinatambulika kwao kabla ya kulipa ada, usingoje kurudi.

Sasa vibali. Kenya unapita kwanza kamati ya maadili iliyoidhinishwa, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Tanzania utafiti wa afya unapita NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Sampuli au data ikivuka mpaka kuna mkataba wa uhamishaji, na huo ndio unaokula miezi. Wanafunzi wanadhani data ya mtandaoni haihitaji kibali. Sikwensi za TB zilizo wazi ENA unashusha bila kuuliza mtu, lakini kamati ya chuo inaweza bado kutaka barua ya msamaha wa mapitio. Iombe mapema, ni ukurasa mmoja. Data ya jenomu za binadamu kama zile za mradi wa H3Africa zilizohifadhiwa EGA, hifadhi yenye ulinzi, ni habari nyingine: unaomba kwa kamati ya data, anayesaini ni taasisi, na mwanafunzi haombi kwa jina lake peke yake. Andiko lako likitegemea data hiyo, maombi yaingie muhula wa kwanza. Muhula wa tatu umechelewa.

#6 Kijana_wa_Kodi

Mimi upande wangu ni sayansi ya kompyuta. Si ndiyo nina nafasi kubwa kuliko hawa wa baiolojia? Python naijua vizuri, baiolojia nitaisoma njiani.

#7 Hesabu_na_Mende

Kijana, Python itakupa miezi mitatu ya raha, basi. Mtu wa programu akikosea hapa programu haianguki. Inatoa jibu safi ambalo ni uongo.

Mfano mmoja. Faili za BED (orodha za maeneo ya jenomu) zinahesabu kuanzia 0 na haziingizi namba ya mwisho. GFF (ya jeni) na VCF (ya mabadiliko) zinahesabu kuanzia 1. Ukikata jeni kwa kuchanganya hizo mbili umesogea herufi moja, na kwa kuwa kodoni ni herufi tatu tatu, protini yote inageuka takataka. Kompyuta haisemi kitu. Mbaiolojia anaona kodoni za kukomea katikati ya jeni anajua kuna jambo.

Mwingine ni ile `--ploidy 1` aliyoweka mtoa mada. bcftools ikiachwa yenyewe inadhani kiumbe kina nakala mbili za kila kromosomu kama sisi. Bakteria ana moja. Ukiisahau utaona 0/1 (herufi mbili kwenye nafasi moja) kibao na utaandika kurasa mbili juu ya "heterozaigoti" wa TB. Kwa TB, nafasi yenye herufi mbili inamaanisha mgonjwa ana aina mbili za bakteria, au sampuli imechafuka, au vipande vimepachikwa pasipo pake. Jeni za PE na PPE, ambazo ni kama asilimia 10 ya jenomu, zinajirudia sana na ndizo zinazozalisha uongo huo. Karibu kila mtu anazifunika kabla ya kuhesabu mabadiliko.

Na nyie wa baiolojia msicheke, zamu yenu ni takwimu. Jeni 20,000, kipimo cha p chini ya 0.05: hata kama hakuna tofauti yoyote kati ya makundi mawili, jeni 1,000 zitaonekana "zimebadilika". Ndiyo maana tunaangalia padj (p iliyosahihishwa kwa wingi wa vipimo), p tupu haitoshi. DESeq2, programu ya kulinganisha jeni kati ya makundi, ipewe hesabu ghafi za vipande, usiipe TPM (hesabu zilizokwisha sawazishwa), maana modeli yake imejengwa juu ya hesabu kamili na yenyewe ndiyo inayosawazisha ukubwa wa maktaba. Nakala tatu kwa kila kundi ni sakafu. Sita zinakupa usingizi.

Kosa lisilotibika: wagonjwa wote wamesikwensiwa Januari, wasio wagonjwa wote Juni. Ugonjwa na tarehe vimekuwa kitu kimoja, hakuna programu duniani itakayovitenganisha. Ukipewa data ya namna hiyo kwa tasnifu, omba nyingine.

Halafu acheni Excel na majina ya jeni. MARCH1 inageuka tarehe 1 Machi. Kamati ya majina ya jeni za binadamu ilisalimu amri mwaka 2020, siku hizi inaitwa MARCHF1 na SEPT2 ni SEPTIN2, lakini majedwali ya zamani bado yamejaa tarehe.

#8 Kijana_wa_Kodi

Nimekuelewa mkuu. Basi R au Python?

#9 Hesabu_na_Mende

Bash. Ukishaweza `grep`, `cut`, `sort | uniq -c` na `awk` kidogo, ndipo R kwa takwimu na michoro kwa sababu ya Bioconductor, hazina yake ya programu za baiolojia, na Python unayo tayari. Mazoezi ya tovuti ya Rosalind fanya 20 ya mwanzo ili ujifunze baiolojia iliyomo ndani ya swali. Kuandika programu zake kwako ni mteremko.

#10 Neema_wa_Maabara

Nimefanya zoezi. flagstat inasema vipande vilivyopachikwa ni 98.9%. bcftools imetoa mabadiliko kama elfu moja na mia. Ila nikipeleka snpEff kwenye `Mycobacterium_tuberculosis_h37rv`, kila mstari unasema ERROR_CHROMOSOME_NOT_FOUND. Nimefuta nikaweka upya mara mbili.

#11 Fundi_Jenomu

Hongera, umefika kwenye kosa ambalo hata waliohitimu linawakuta. Usifute tena kitu, programu ni nzima. Tatizo ni jina. Faili yako inaiita kromosomu `NC_000962.3`, kanzidata ya snpEff inaiita `Chromosome`. Kwa kompyuta hivyo ni vitu viwili tofauti. Kwa binadamu utakutana na mdudu huyu huyu kama `chr1` na `1`.

Tengeneza faili majina.txt yenye mstari mmoja, jina la zamani, nafasi, jina jipya:

`NC_000962.3 Chromosome`

Kisha:

`bcftools annotate --rename-chrs majina.txt s.vcf.gz -Oz -o s2.vcf.gz`

Peleka s2 kwenye snpEff. Lakini badilisha jina pale tu unapojua rejea ni ile ile, herufi kwa herufi. Kugeuza chr1 ya hg19 iitwe 1 ya GRCh38 (matoleo mawili tofauti ya jenomu ya binadamu) hakutaleta kosa lolote kwenye skrini, na nafasi zote zitakuwa zimehama.

98.9% ni nzuri. Sampuli iliyooteshwa vizuri huvuka 95%. Ingekuwa 60% ningekuambia chukua vipande visivyopachikwa uvipitishe Kraken2 uone ni bakteria gani amedandia. Angalia pia kina. Hesabu yake ni rahisi: jozi zako mara 300, kama kila kipande ni herufi 150, gawa kwa milioni 4.4. Kwa kina cha mara 50 unahitaji jozi kama 735,000. Chini ya mara 20 usiamini badiliko linaloshikiliwa na vipande vitatu.

Na ukifungua FASTQ kwa `zcat c1.fq.gz | head -4`, mstari wa nne ndio ubora. Kila alama ni namba ya ASCII toa 33. `?` ni 30, maana yake nafasi ya kukosea ni 1 kwa 1,000. `5` ni 20, 1 kwa 100. `#` ni 2, hapo mashine inabahatisha. Ukishaweza kusoma mstari huo kwa macho, ripoti ya FastQC haikutishi.

#12 MdauMpya_Mbeya

Barua kwa msimamizi niandikeje? Nimetuma kumi, hakuna aliyejibu.

#13 Binti_wa_Kilifi

Ndugu, ukiandika "Respected Professor, nina shauku kubwa na bioinfomatiki" inafutwa kabla ya mstari wa pili. Maneno 150 yanatosha. Sentensi moja wewe ni nani na umehitimu nini. Sentensi mbili juu ya makala yake moja, ukitaja kitu mahususi: "mlitumia mpaka wa mabadiliko 12 kuunganisha wagonjwa, kwa wilaya yenye maambukizi mengi, 5 ingebadilisha makundi?" Kisha kiungo cha Git chenye zoezi kama hili la TB: script, faili ya mazingira ya conda na README ya nusu ukurasa inayosema ulipata nini na nini hukuweza kukitafsiri. Malizia kwa swali linalojibika kwa ndiyo au hapana: ana nafasi ya mwanafunzi na data kwa muhula unaoanza?

Usiambatanishe vyeti 8. Na usitume kwa watu watano wa idara moja asubuhi moja, wanakula chakula cha mchana pamoja.

#14 MdauMpya_Mbeya

Hiyo ya 12 na 5 ni nini?

#15 Hesabu_na_Mende

Tofauti za herufi kati ya bakteria wa wagonjwa wawili. Kazi ya Uingereza ya 2013 ilionyesha kwamba zikiwa 5 au pungufu, maambukizi kati yao ni ya karibuni kwa uwezekano mkubwa. Zikizidi 12, kwa kawaida wameyapata sehemu tofauti. TB inabadilika taratibu, kama nusu herufi kwa mwaka kwa jenomu nzima. Ni mada nzuri ya tasnifu: sampuli 60 mpaka 100 za wazi, mti mmoja, makundi kwa mipaka miwili, na mjadala wa kwa nini makundi yanabadilika. Inamalizika kwa miezi 9 bila kugusa maabara. Ila hakikisha sampuli zote zimepita mtiririko mmoja wa programu, toleo lile lile. Ukichanganya VCF ulizotengeneza na ulizokuta tayari, utahesabu tofauti za programu ukidhani ni za bakteria.

#16 Neema_wa_Maabara

Imekubali. 761155 C>T, snpEff inasema rpoB p.Ser450Leu. Nimeona pia badiliko la jeni katG, Ser315Thr, kwenye 2155168, lakini VCF inasema C>G na makala ninayosoma inasema G>C. Nimekosea wapi?

#17 Fundi_Jenomu

Hujakosea. katG iko kwenye uzi wa pili wa DNA, jina lake Rv1908c, hiyo `c` ya mwisho ndiyo inayokuambia. VCF inaandika kila kitu kwa uzi wa rejea, makala inaandika kwa uzi wa jeni. AGC imekuwa ACC, G>C. Ukiitazama kutoka upande wa pili ni C>G. Hilo ni usugu kwa isoniazid, dawa nyingine kuu ya TB. Ukiunganisha na rpoB, sampuli uliyoshika ni MDR, yaani TB sugu kwa dawa zote mbili. Rudi kwenye makala ya sampuli hiyo uone kama kipimo cha maabara kilikubaliana, kisha andika README yako.